Nililionea Wivu Gari la Mume Wangu

Wanawake wenzangu, mke mwenza ana sura nyingi. Kuna yule wa damu na nyama, mwenye chumba chake na simu yake. Kuna kazi, kuna mpira wa Ulaya, kuna kijiwe. Na kuna huyu ambaye hatumsemi sana kwa sababu tukimtaja tutachekwa: gari. Gari linaoshwa, linafutwa, linapulizwa manukato ndani, linazungukwa mara mbili kabla ya kufungwa usiku. Wewe umesuka tangu Alhamisi na hakuna aliyeona!

Sitanii. Kwa karibu mwaka mzima Jumamosi ya mume wangu ilikuwa mali ya gari. Tunaishi Tabata, hapa Dar es Salaam. Gari letu ni dogo, la Kijapani, la mtumba, rangi ya bluu iliyoiva. Saa tatu asubuhi anachukua funguo: "Mama watoto, naenda kuliosha." Saa tatu usiku ndiyo analirudisha.

Si mnazijua sehemu zetu za kuoshea magari? Mbele kuna mpira wa maji na vijana wenye ndoo. Nyuma kuna viti vya plastiki, jiko la nyama choma na friji ya bia. Gari linaoshwa kwa dakika 40, halafu mwenye gari anasubiri likauke mpaka giza liingie. Hesabu yangu ilikuwa hivi: elfu kumi ya kuosha, elfu hamsini ya kusubiri likauke. Kila wiki.

Marafiki walinipa ushauri wa kila aina. Mmoja aliniambia nimfuate huko huko nikamwage ndoo. Mwingine akasema nikae kimya, mwanaume akibanwa anakimbia. Mwingine, huyu ni jirani, akashusha sauti: "Shosti, wanawake wa kule nyuma umewaona lakini?" Nilikuwa nimewaona. Wanauza supu, na wana shughuli zao.

Kilichoniuma zaidi ni ukimya. Jumapili analala, Jumatatu ni kazi, na kati ya Jumatatu na Ijumaa mazungumzo yetu yalikuwa ya ada, luku na gesi. Mtu anakaa mezani na wewe, mkono wake uko kwenye sahani, yeye mwenyewe hayupo.

Basi Jumapili moja, tumetoka kanisani, jua la saa sita limesimama juu ya boneti, nikaliangalia lile gari. Jamani! Kila linapogonga jua, rangi ilijaa mikwaruzo midogo ya mviringo, kama utando wa buibui. Kwenye paa bluu ilikuwa imepauka, imekuwa kama jinzi la zamani. Nikamwita.

"Baba watoto, hili gari unaliosha kila wiki. Mbona linazeeka kuliko la jirani ambaye haoshi?"

Aliinama, akaangalia, akapitisha kidole. Nilimwona anaumia kweli. Ndipo nikamwambia: "Wiki ijayo tuliache nyumbani. Tulifanye mimi na wewe."

Akacheka. "Wewe na waksi, wapi na wapi?"

Alikuwa amesahau kitu kimoja. Marehemu baba yangu alikuwa fundi rangi wa magari. Nimekulia kwenye harufu ya thina. Nilishika msasa wa maji kabla sijashika mwiko.

Ngozi nyembamba kuliko unywele

Kitu cha kwanza nilichomweleza ndicho nitakachokueleza na wewe, kwa sababu ukikielewa hiki mengine yote yanakuwa mepesi.

Rangi ya gari haiko kama rangi ya ukuta. Ni tabaka juu ya tabaka. Chini kabisa, juu ya bati, kuna kinga ya kutu. Juu yake kuna praima, halafu rangi yenyewe, na mwisho kuna tabaka lisilo na rangi, linalopitisha mwanga kama kioo. Mafundi wetu wanaliita klia. Magari mengi yaliyotengenezwa kuanzia miaka ya 1980 yana klia, na mng'ao unaouona unatoka hapo. Bluu iko chini, imelala, inaangaliwa kupitia klia.

Sasa pima unene. Tabaka zote kwa pamoja, kwa rangi ya kiwandani, ni kama mikroni 100 hadi 150. Klia peke yake ni kama mikroni 40 hadi 50. Unywele wa binadamu ni kama mikroni 70. Yaani kinachotenganisha rangi ya gari lako na jua, chumvi ya bahari na vumbi la barabara za mitaa ni kitu chembamba kuliko unywele mmoja. Kikiisha hakioti tena. Hapo unarudi kwa fundi rangi na pochi imefunguka.

Na klia haiishi kwa jua peke yake. Kule tulikokuwa tunaoshea, sponji ilikuwa moja. Inasugua tairi, inaanguka mchangani, inaokotwa, inapanda mlangoni. Kila chembe ya mchanga ni kisu kidogo, na kila mzunguko wa mkono ni mkwaruzo. Sabuni nayo ilikuwa ya unga, ya kufulia nguo, ambayo inaondoa hata ile kinga ndogo iliyokuwepo. Mume wangu alikuwa analipa kila wiki ili gari lake likwaruzwe vizuri.

Alipoelewa alikaa kimya muda mrefu. "Kwa hiyo nilikuwa nalitunza au naliua?" Sikumjibu. Nilimwambia tu Jumamosi aamke mapema.

Polishi ni kazi nyingine, waksi ni kazi nyingine

Tulienda Kariakoo siku ya Ijumaa, baada ya kazi. Ukiingia kwenye duka la vitu vya magari unaweza kuchanganyikiwa kama uko duka la vipodozi. Makopo, chupa, rangi za dhahabu, maneno makubwa. Na vijana wa dukani wengi wanakuuzia polishi na waksi kama kitu kimoja. Siyo.

Polishi ina chembe laini sana za kusugua. Kazi yake ni kupunguza klia kidogo mno mpaka ile mikwaruzo midogo isionekane. Inaondoa. Ndiyo maana polishi haipigwi kila mwezi, kwa sababu kila ukipiga unakula akiba ya ile klia. Kaka yake mkali ni kampaundi, yenye chembe kubwa zaidi, ya mikwaruzo mizito. Hiyo kama hujazoea mwachie fundi.

Waksi haiondoi kitu. Inaweka. Ni tabaka jembamba linalokaa juu ya klia, likalikinga na maji, jua na uchafu, na kuongeza mng'ao. Ukipaka waksi juu ya mikwaruzo, mingine itajificha kidogo kwa wiki chache, halafu itarudi kukusalimia. Wadada, ni sawa na poda juu ya chunusi. Ngozi kwanza, poda baadaye.

Na waksi zenyewe ni familia tatu.

Ya kwanza ni ya karnauba. Hii ni nta ya mti. Inatoka kwenye majani ya mnazi-pori mmoja unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili. Mti unajipaka nta hiyo wenyewe ili usipoteze maji kipindi cha ukame. Watu wanakata majani, wanayakausha, wanayapiga, nta inadondoka kama unga. Ni ngumu sana, inayeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86, wakati nta ya nyuki, ile tunayoijua kutoka Tabora, inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 tu. Kwa ugumu huo lazima ichanganywe na mafuta ndipo ipakike. Karnauba inapendeza mno kwenye rangi zilizoiva, inaipa bluu kina kama cha maji ya mbali. Tatizo lake ni umri. Kwa gari linalolala juani, hesabu wiki kadhaa, ukibahatika miezi miwili.

Ya pili ni waksi ya maabara, wataalamu wanaiita silanti. Mng'ao wake ni mkavu zaidi, kama kioo, lakini inavumilia. Miezi minne mpaka sita si ajabu, ingawa jua letu litapunguza.

Ya tatu ni seramiki, ambayo imevuma sana miaka ya karibuni. Ile halisi inashikana na klia, inakuwa ngumu, na inaweza kukaa mwaka au zaidi. Ila ni ghali, na inataka rangi iliyosafishwa na kunyooshwa kabisa kabla, maana ikishakauka kosa lolote lililo chini yake limefungiwa humo. Zile chupa za kupulizia zilizoandikwa neno seramiki ni nyepesi zaidi. Si mbaya, lakini usitegemee miaka.

Pale dukani tulibishana. Yeye alitaka karnauba kwa sababu ya bluu yake. Mimi nikasema gari linashinda nje kazini kwake, halina kivuli, tuchukue silanti. Yeye: "Lakini mng'ao!" Mimi: "Lakini Machi!" Kijana wa duka anatuangalia kama anaangalia tenisi. Mwisho tulichukua silanti ya kopo, na mume wangu akaahidiwa kikopo kidogo cha karnauba sikukuu ya Krismasi, maana karnauba inaweza kupakwa juu ya silanti. Usigeuze mpangilio huo, silanti inataka kushika klia yenyewe.

Tukiwa kwenye daladala kurudi nyumbani niligundua kitu. Ulikuwa ubishi wetu wa kwanza kwa miezi mingi ambao haukuhusu pesa wala watoto. Nilikuwa nimeukumbuka, jamani.

Vifaa vyote, yaani kopo la silanti, chupa ya polishi nyepesi, shampuu ya gari, udongo wa kusafishia, sponji mbili ndogo za kupakia, vitambaa sita vya maikrofaiba na ndoo ya pili, vilitugharimu chini ya Jumamosi mbili za "kusubiri likauke".

Kuosha kama unamwogesha mtoto

Jumamosi ya kwanza tulimaliza kuosha na kusafisha tu. Usiharakishe hapa, maana robo tatu ya mng'ao iko kwenye maandalizi.

Ndoo mbili. Moja ya maji ya shampuu, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia sponji. Kila ukimaliza kipande, suuza kwanza kwenye maji matupu ndipo urudi kwenye shampuu. Chini ya ile ndoo ya pili utauona mchanga uliokuwa unaelekea kwenye rangi yako. Anza juu, shuka chini. Paa, vioo, boneti, milango, mwisho bampa na sehemu za chini ambako tope linakaa. Matairi yawe na kitambaa chake, kisichopanda juu kabisa.

Likishakauka, chukua kifuko laini cha nailoni. Mifuko ya kubebea tuliaga Juni 1, 2019, lakini kifungashio cha mkate kinafaa. Vaa mkononi kama glavu, upitishe vidole polepole juu ya boneti. Utashangaa. Gari linaloonekana safi linaparuza kama kuna mchanga uliogandiana. Hayo ni masizi, vumbi la chuma la breki, utomvu wa miti. Kuosha hakuyaondoi.

Dawa yake ni udongo maalum wa kusafishia rangi, unafanana na ule wa watoto kuchezea. Unakata kipande, unakikanda mpaka kilainike, unalowesha rangi kwa maji yenye shampuu, unapitisha udongo kwa mkono mwepesi, kwenda na kurudi. Mwanzo utasikia unakwama. Ukianza kuteleza, hapo pamesafika. Kunja udongo, tafuta upande msafi, endelea. Ukikudondoka chini, usiuonee huruma, tupa. Umeshabeba mchanga.

Mume wangu aliupenda huo udongo kupita maelezo. Kila mara ananiita, "Njoo usikie hapa!" Nampa mkono, ananishika, anaupitisha kwenye mlango. Mwanaume huyo mkono wangu mara ya mwisho aliushika lini? Wacha nisiseme.

Mkono mwepesi, jua mbali

Jumamosi ya pili ilikuwa ya polishi. Masharti ni machache, ila yana maana.

Fanya kivulini, na bati liwe baridi. Gusa boneti kwa mgongo wa mkono. Kama unautoa haraka, bado. Polishi na waksi kwenye bati la moto zinakauka kabla hujasugua, zinagandiana, unabaki unatoka jasho kufuta madoa. Kwa hapa Dar hiyo maana yake ni asubuhi kabla ya saa tatu au jioni baada ya saa kumi. Na kivuli chenyewe kiwe cha ukuta au turubai. Chini ya mwembe utapata utomvu, utapata pia kunguru. Hawa kunguru wetu wenye shingo ya kijivu ni wageni, waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na nina hakika wanakaa wanasubiri gari lililotoka kung'arishwa. Kinyesi chao kikikaukia juani kinaweka alama kwenye klia isiyotoka kwa maji. Ukikiona, kiloweshe kwanza, kisha kinyanyue. Usikisugue kikiwa kikavu.

Anza na kipande cha majaribio, mraba wa kama nusu mita, sehemu isiyoonekana sana. Weka polishi kidogo, matone matatu au manne, sugua kwa mizunguko inayopandana, mkono wa wastani, futa, angalia kwa tochi. Ikikubali, endelea na kipande baada ya kipande. Kingo na mikunjo ya bati usizikandamize, maana hapo klia huwa nyembamba zaidi. Kama kitambaa kinageuka rangi ya gari, simama. Ama gari ni la zamani lisilo na klia, ama klia imeshaisha, na mtu wa kumwona ni fundi rangi.

Kwa mkono hutaondoa kila kitu. Mashine inafanya zaidi, lakini mashine kwenye mkono usiojua inachoma rangi kwa sekunde. Sisi tuliridhika na mkono. Boneti lilipopona, mume wangu alirudi nyuma hatua tatu, akashika kiuno, akaguna. Nilimwona anataka kusema kitu. Hakusema.

Dakika kumi na tano

Jumamosi ya tatu tulipaka waksi.

Hapa watu wengi wanadhani nyingi ndiyo nzuri. Hapana. Tabaka liwe jembamba mpaka uwe na shaka kama umepaka. Gusa waksi kwa sponji mara moja, hiyo inatosha nusu ya boneti. Nyingi zaidi haikai, unaifuta tu na kuitupa. Epuka plastiki nyeusi za bampa na mipira ya madirisha, inaacha weupe unaogoma kutoka. Ukishapaka, unaacha ikauke mpaka iwe na ukungu. Pitisha kidole. Pakiwa safi bila kuburuta, imekuwa tayari. Pakiburuta, ngoja. Kopo linasema dakika kumi na tano, ila kwa unyevu wa pwani yetu inaweza kuzidi.

Sasa hizo dakika huna la kufanya. Mikono ina waksi, simu hushiki. Tuligeuza ndoo mbili, tukakaa, gari mbele yetu lina ukungu kama kioo cha bafuni. Watoto wako ndani na katuni.

Ndipo akasema, bila kuniangalia: "Mama watoto, hili gari si letu."

Nikadhani ni utani.

"Kadi nimeiweka rehani. Tangu mwaka jana."

Ikatoka yote, polepole. Mradi wa kuku wa nyama, yeye na mwenzake wa kazini. Alikopa kwa siri, akiamini atanishtua na faida. Kuku wakaugua, banda zima likaisha ndani ya wiki moja. Mwenzake akahama mkoa. Deni likabaki kwake, na riba inatembea. Pamoja na riba ilikuwa imebaki milioni moja na laki sita.

Niliuliza swali moja: "Nani mwingine anajua?"

"Wenzangu wa kule tunakooshea."

Hilo ndilo lilinikata. Deni nililiona deni tu, watu wanadaiwa kila siku. Lakini kwamba kulikuwa na viti vya plastiki ambapo mume wangu alikuwa anajulikana kuliko mezani kwangu! Kumbe kila Jumamosi alikuwa anaenda pale ambapo hakuhitaji kuigiza. Nyumbani alikuwa anaingia na uso wa mtu mwenye gari.

Nilinyamaza. Sikulia, sikupiga kelele, ingawa kelele zilikuwepo. Nilinyanyuka, nikapitisha kidole mlangoni. Pakawa safi. Nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta. Naye akanyanyuka, akashika upande wa pili. Tulifuta gari zima bila neno. Tulipokutana kwenye buti, nikamwambia: "Kesho unionyeshe karatasi zote. Zote." Akasema, "Sawa." Na macho yake yalikuwa yameloa.

Nisikudanganye kwamba usiku ule ulikuwa mtamu. Tulilala migongo. Wiki nzima nilikuwa na hasira za mafungu mafungu, mara jikoni, mara bafuni. Lakini karatasi nilizipata, na tulizisoma pamoja na kikokotoo katikati.

Hesabu ikawa hivi. Zamu yangu ya upatu ilikuwa mwezi unaofuata, laki sita. Nilisitasita, nilikuwa na mipango yangu na hizo pesa. Nikazitoa, kwa sharti kwamba hakuna tena mkopo wa siri ndani ya nyumba hii, wangu wala wake. Ikabaki milioni moja. Zile elfu sitini za Jumamosi zilipoacha kwenda kwenye kusubiri likauke, mwezi mmoja ukatoa laki mbili na ziada. Miezi mitano. Kadi ya gari iko kabatini kwangu sasa, chini ya vitenge.

Kama na wewe unataka kujaribu

Sitasema waksi inaponya ndoa. Ingekuwa hivyo yale maduka ya Kariakoo yangepanga foleni ya maharusi. Waksi haifichi kutu, na kutu iliyofunikwa inakula bati kimyakimya. Ilichofanya kwetu ni kitu kidogo tu. Ilitupa kazi ya mikono miwili, kivulini, isiyo na haraka, yenye dakika kumi na tano katikati ambazo hazina pa kukimbilia. Kuna maneno hayasemeki uso kwa uso. Yanataka watu wawili wakae wanaangalia upande mmoja.

Mume wangu bado huenda kule nyuma siku ya mechi, na nyama yao ni nzuri, nimekula. Saa mbili anarudi. Gari tunaosha wenyewe kila wiki mbili, waksi tunapaka kila baada ya miezi mitatu.

Kwa hiyo, mwenzangu, yashike haya machache.

Gari limetoka kupigwa rangi mpya? Usikimbilie waksi. Rangi ya gereji inahitaji muda wa kupumua, mara nyingi siku 60 hadi 90. Muulize fundi wako aliyeipiga.

Gari la rangi isiyong'aa, ile ya kufifia makusudi, usilipake polishi wala waksi ya kawaida. Lina vitu vyake.

Vitambaa vya maikrofaiba vioshe peke yake, usichanganye na taulo, na usitie dawa ya kulainisha nguo, inaviziba. Kimoja kikianguka chini, hakirudi kwenye rangi mpaka kifuliwe.

Sabuni ya vyombo na ya unga iache jikoni. Zinang'oa waksi uliyoitolea jasho.

Utajuaje waksi imeisha? Mwagia maji. Yakikusanyika matone matone ya duara na kukimbia, bado ipo. Yakitandaa na kulala kama yamechoka, ni wakati wa kopo.

Na siku ya kupaka, geuza ndoo mbili badala ya moja. Kitambaa cha pili mpe mwenzio, na ile saa ya kusubiri ikauke msiwashe redio.